Pale Jua Lisipofika

Mteja akiniletea gari lililofifia vitambaa, kitu cha kwanza ni kunisimulia rangi ilivyokuwa. "Ilikuwa buluu, fundi, buluu moja hivi ya kupendeza." Simsikilizi. Watu hawakumbuki rangi. Wanakumbuka furaha waliyokuwa nayo siku waliponunua gari, na furaha haichanganywi kwenye kopo. Mimi huchukua bisibisi, nikafungua skrubu za ubao wa mlango, nikaubandua, nikatazama ule ukingo wa kitambaa uliokunjwa kwa ndani na kugandishwa kwa gundi. Pale jua halijawahi kufika. Rangi ninayoiona pale ndiyo ninayoitengeneza, hata mteja aapeje.

Baba ndiye aliyenifundisha hivyo, kwenye karakana hii hii, nikiwa bado navaa sare ya shule chini ya aproni. Hakunilazimisha. Aliyelazimishwa ni mdogo wangu wa kiume, na kila alipolazimishwa aliumwa tumbo ghafla. Tulimwita Bosi, kwa sababu alikuwa akija karakana mikono mfukoni, anatutazama tunavyohangaika, anauliza tutamaliza saa ngapi, anaondoka. Mimi niliitwa Pilipili, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Gari la baba mwenyewe ndilo lilikuwa limechakaa kwa ndani kuliko yote. Lilikuwa saluni kuukuu yenye viti vya mahameli, na milango nayo ilivishwa mahameli hiyo hiyo, rangi ya damu ya mzee. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiandika jina langu kwa kidole kwenye kiti cha nyuma, nikilipangusa linafutika, naandika tena. Kivuli cha karakana kilikuwa cha magari ya wateja, kwa hiyo lake lilishinda juani mwaka baada ya mwaka. Kibao cha nyuma, kile kilicho chini ya kioo, kilianza kuwa cha waridi, kikawa cha mchanga, mwishowe kikawa hakina rangi ya kuitaja. Viti vikafuata. Wateja walimtania: "Fundi, unarudisha rangi za wenzako, lako je?" Naye alikuwa akijibu, "Mwenye gari hili msumbufu, halafu halipi. Acha asubiri."

Alisubiri mpaka akaugua. Siku moja hospitalini, mama akiwa upande mmoja wa kitanda na Bosi upande wa pili, baba alinishika mkono akasema, "Gari ni lako, mwanangu. Lirudishie rangi yake. Mimi sikupata nafasi." Nikamwitikia. Wote wawili walisikia. Hakuniachia nyumba wala shamba, na wala sikuvitaka. Aliniachia kazi moja ambayo yeye hakuimaliza, na kwangu hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko urithi wowote.

Msiba ulipokwisha, Bosi akaja na maneno laini. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, kuuza vyombo vya nyumbani mlango kwa mlango, na bila usafiri kazi ile ingemshinda. "Niazime tu, dada. Nikisimama nakurudishia." Nilikataa. Mama akaniita jikoni. "Mwachie mdogo wako," akasema. "Gari halitakimbia." Bosi ndiye kitindamimba wake, na mama akimwombea kitu sauti yake hubadilika kabisa, inakuwa kama ya mtu anayeomba maji. Nikamwachia.

Hapo ndipo nilipoanza kupigwa danadana. Nikiuliza gari, liko kwa fundi. Nikiuliza tena, barabara zimeharibika, tusubiri mvua ziishe. Mvua zikaisha, ana wateja wengi. Nilipomlalamikia mama alinijibu, "Una haraka gani na hilo gari, limekuwa mume?" Nikacheka, kwa sababu mama akiamua kutania lazima ucheke. Miaka ikaenda. Mwishowe nikampigia Bosi na kumwambia, bila salamu, kwamba nafunga karakana naja kulichukua mwenyewe, na nikilikuta limelala juu ya mawe nitamlaza na yeye pembeni yake. Kisha akasema, "Usijisumbue, dada. Nitakuletea."

Baada ya wiki kadhaa kweli alileta. Nje lilikuwa limepigwa rangi nyeupe upya, linang'aa. Namba zilikuwa zile zile. Usukani ulikuwa mpya na mazulia mapya. Alisema amejitahidi kulitunza, nami nikajisikia vibaya kwa yale maneno ya kwenye simu. Ndani ndiko vitambaa vilikokuwa vimekwisha kabisa. Viti, milango, kibao cha nyuma, vyote vilikuwa rangi moja ya majivu yaliyolowa. Nikaingia, nikafunga mlango, nikashika usukani nikalia. Nililia kwa sauti, bila aibu, na nilikuwa na furaha. Bosi alisimama nje akitazama simu yake.

"Rangi unaikumbuka?" aliniuliza nilipotoka.

"Naikumbuka kuliko jina lako," nikamjibu.

Kesho yake sikupokea gari la mtu. Nilifyonza vumbi, nikaosha vitambaa kwa sponji na maji yenye sabuni kidogo, nikavikamua kwa taulo, nikaacha milango wazi vikauke kivulini. Kisha nikaketi kuchanganya rangi. Nyekundu, kahawia, tone la zambarau. Koroga, paka kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kausha, tazama, ongeza. Sikufungua ubao wa mlango kutafuta mfano. Wa nini? Nililala kwenye viti vile nikiwa na meno ya utoto. Jirani yangu, fundi wa betri ambaye kila mtu anamwita Chaji, alikuja kuegemea nguzo akanikuta natabasamu peke yangu.

"Leo Pilipili kawa sukari," akasema. "Kuna nini?"

"Namalizia kazi ya mzee."

Akavua kofia, maana alimfahamu baba, akaenda zake bila kuongeza mzaha.

Rangi ilipokuwa tayari ilibaki kuijaribu. Hakuna fundi anayepulizia kiti kizima kabla ya kujaribu mahali pasipoonekana. Mahameli ikiikataa rangi inakakamaa kama brashi iliyosahauliwa bila kuoshwa, na hapo hakuna dawa. Kwa hiyo nikafungua skrubu za mlango wa abiria, nikaubandua ubao, nikaugeuza.

Ukingo ulikuwa wa kijani.

Kijani cha chupa, kizito, kibichi, utadhani kimetoka kiwandani jana. Nilikitazama, nikatazama kopo langu la damu ya mzee, nikakitazama tena. Nikajiambia mlango huu ulibadilishwa. Magari kuukuu hubadilishwa milango. Nikaenda wa dereva. Kijani. Ya nyuma yote miwili, kijani. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikachungulia pale kitambaa kinapopita chini ya sponji: kijani. Nikanyanyua kiegemeo cha kichwa cha kiti cha abiria, na pale kilipokuwa kimekalia palikuwa na alama ya kijani hafifu ambayo jua halikuwa limeimaliza. Nikaketi sakafuni na bisibisi mkononi. Lile halikuwa gari la baba.

Jua likishafanya kazi yake vya kutosha, kijani na damu ya mzee hufika mahali pamoja, na buluu pia huwakuta huko huko. Hilo nalijua siku zote, ndilo linalonilisha. Sikuwahi kufikiri kuna mtu angelitumia kunichezea shere mimi, ndani ya karakana yangu.

Nilimpigia Bosi. Alikuwa bado kwa mama, anakula na kulala. Akafika na miwani yake ya jua, anatembea kwa raha zake. Nilimsubiri nikiwa nimeusimamisha ule ubao wa mlango juu ya meza.

"Hii rangi gani?" nikamuuliza.

"Kijani."

"Gari la baba lilikuwa rangi gani?"

Akavua miwani. Bosi akibanwa hukuna shingo. Siku hiyo aliikuna hadi ikawa nyekundu. "Dada, kwani kitambaa si kitambaa tu..."

"Nijibu."

"Nililigonga," akasema, chini chini. "Mwaka ule ule uliponiazima. Nilikuwa nimekunywa kidogo. Kuna ukuta wa ghala pale karibu na ninapokaa. Mimi sikuumia, ila gari walisema halifai tena. Wakalikata, likaenda kwenye chuma chakavu."

"Na viti?"

"Viti gani?"

"Viti vya baba, Bosi. Milango yake. Kitambaa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na ule mshangao uliniuma kuliko ajali yenyewe. "Vilikwenda na gari, dada. Nani angehangaika na vitambaa vilivyokwisha rangi?"

Niliyomwambia hayaandikiki. Nilianza na ulevi, nikaja kwenye uvivu, nikarudi hadi kwenye lile tumbo la utotoni lililokuwa likimuuma kila penye kazi. Chaji alitoka mbio kwenye kibanda chake na waya mikononi, akidhani kuna mtu amenaswa na umeme. Aliponiona akarudi kinyumenyume. Bosi alisimama tu, kichwa chini, kama alivyokuwa akisimama tulipokuwa wadogo akisubiri mvua yangu ipite.

Nilipoishiwa pumzi nikamuuliza kitu kimoja tu. "Mama anajua?"

"Hajui!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dada, nakuomba. Unajua presha yake. Anaamini hili ndilo gari la mumewe, na Jumapili nimemwahidi nitamleta alione. Akisikia lile lilikatwakatwa, tutazika tena. Nitukane mimi, nipige, lakini yeye mwache na raha yake."

Alijua pa kunishika. Mama alishaanguka mara moja tulipomzika baba, pale pale kaburini, na mimi ndiye niliyemdaka. Nilitazama ukuta, nikatazama kopo la rangi ambayo tayari ilikuwa imeanza kufanya utando juu.

"Ondoka," nikamwambia. "Jumapili mlete."

Nikapiga moyo konde, nikarudi kazini. Sijui kama kuna kazi iliyowahi kunichosha vile. Pale jua lilipokuwa limekula rangi yote, damu ya mzee ilikaa vizuri, nilipulizia nyepesi nyepesi, nikakausha kwa mashine ya kukaushia nywele, nikachana manyoya ya mahameli kwa brashi laini yasishikane. Tatizo lilikuwa kwenye mikunjo, chini ya mikanda, nyuma ya viegemeo vya kichwa, kila mahali penye kivuli. Huko kijani kilikuwa bado hai, na damu ya mzee ikikutana na kijani inageuka tope. Ilinibidi kuchanganya nyingine yenye wekundu mkali zaidi, niipake huko kwa brashi ndogo ya kuchorea, mstari kwa mstari, nikifuta, nikirudia. Kila nilipofunika kijani nilijua ninachofanya. Nilikuwa natumia mkono alionifundisha baba kuzika kosa la mwanawe wa kiume, kwenye gari la watu nisiowajua, ambao pengine walilipenda likiwa kijani.

Ningeweza kufanya kazi ya kulipua. Bosi asingejua, wala mama, nilidhani. Lakini mkono ulikataa. Mkono haujui kusema uongo nusu. Ulifanya kazi nzuri tu, kama ulivyozoea.

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye mlango wa mwisho. "Unaendeleaje, mwanangu? Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Usijichoshe. Baba yako huko aliko anafurahi. Nimemuota jana, amekaa kwenye gari lake."

Nikajifanya mtandao unasumbua, nikakata, nikalia nikiwa nimekumbatia ubao wa mlango. Nilimlilia yeye. Nilimwona anamuota mumewe kwenye gari ambalo halipo, na nikaapa moyoni kwamba siri ile nitakufa nayo. Mimi, ambaye watu wanasema siwezi kuweka neno mdomoni hata lipoe.

Jumapili nilifagia karakana. Nilivaa gauni, jambo lililomfanya Chaji apige mluzi na kisha aombe radhi. Gari nilikuwa nimelitoa mpaka mlangoni, milango wazi, mwanga ukiingia kwa ubavuni. Nikufiche nini? Lilikuwa zuri. Nilipita kitambaa cheupe juu ya kila kiti na hakikuchafuka. Mtu yeyote aliyemfahamu baba angesimama pale na kusema, hili hapa gari la fundi, siku lilipokuwa jipya.

Walifika mama akiwa mbele, Bosi akimfuata nyuma na mkoba wake. Mama alivaa viatu vyake vya kutokea. Nilimtazama usoni, nikitafuta dalili yoyote ya presha, nikiwa nimeshaweka kiti na maji karibu. Alisimama mlangoni mwa gari, mikono kifuani.

"Jamani," akasema. "Jamani, mwanangu."

Akaingia kwenye kiti cha abiria. Akapitisha kiganja kwenye mahameli kwenda, ikawa giza, akakirudisha, ikawa nuru, kama inavyofanya mahameli nzuri. Akacheka. Machozi yalimlengalenga. "Mikono ya baba yako kabisa," akasema. "Hakuna aliyerithi mikono ile ila wewe." Nikageuza uso nisije nikaharibu. Bosi aliniangalia kwa shukrani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilihisi labda nimefanya jambo jema.

Mama aliendelea kugusagusa, mlango, kizuia jua, pembe za kiti. Kisha akageuka nyuma, akakinyanyua kiegemeo cha kichwa, akainama kuchungulia, akapiga makofi kwa furaha.

"Hata hapa penye kijani! Hapa ndipo nilipokuwa na wasiwasi napo. Hata hapaonekani!"

Bosi alikohoa. Nilisikia mashine ya Chaji ya kuchajia betri ikinguruma kule kibandani kwake.

"Kijani gani, mama?" nikauliza.

Mkono wake ulibaki pale juu ya kiegemeo. Akamtazama Bosi, na Bosi akaanza kukuna shingo.

"Nimeuliza kijani gani."

"Shuka kwanza, mama, twende nyumbani tukaongee," Bosi akasema.

"Wewe kaa kimya!" Sikupaza sauti. Wote wawili walishtuka kuliko ambavyo wangeshtuka kama ningepiga kelele. "Mama. Ulijua?"

Aliketi vizuri, akaweka mikono mapajani. Nilimwona akitafuta uongo, na nilimwona akiukosa. "Alipoligonga alinipigia mimi kwanza," akasema. "Alikuwa analia. Ningefanyaje? Nimtupe?"

"Miaka yote hii?"

"Tangu siku hiyo."

"Na hili gari?"

"Ulisema unakwenda kulichukua. Tukaona utakwenda na utakuta hakuna kitu." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyemwambia atafute la aina ile ile, lililofifia sana. Yeye hakuwa na wazo hilo, unamjua. Nimeolewa na fundi, mwanangu. Nimemfulia baba yako nguo zenye rangi za kila namna. Najua vitambaa vikishaungua na jua, vyote ni kimoja. Tukapaka nje, tukahamisha namba. Nilidhani utachukua rangi unayoikumbuka, upake, uridhike. Nani alijua utafungua mlango?"

Nani alijua. Ameishi na baba maisha yake yote, ameniona nikikua na bisibisi mkononi, na bado alidhani kwa gari la baba ningepaka bila kutazama. Au alijua sana. Alijua kwamba kwa gari lile tu, kwa furaha yangu, ningeweza kusahau kutazama. Na kidogo tu ingekuwa hivyo.

"Ile siku aliyolileta," nikasema, "nililia humu ndani. Alikwambia?"

Mama aliinamia mikono yake, na nikajua kwamba aliambiwa. Waliketi mezani kwake, wakala, na Bosi akamsimulia jinsi dada yake alivyofunga mlango na kulia kwa furaha kwenye kiti cha mtu asiyemjua. Pengine walishusha pumzi. Pengine walicheka kidogo, kwa kuponea chupuchupu.

"Na ndoto?" nikauliza. "Baba amekaa kwenye gari lake?"

"Nilitaka ufurahi."

"Kwa nini hukuniambia tu, mama? Siku ile ile. Gari limegongwa, basi. Ningelia, ningetukana, lingekwisha. Ningekwenda hata kutafuta kipande kimoja cha kitambaa kabla hawajakichoma. Kimoja tu!"

"Ungemfukuza. Ungeapa hutaki kumwona tena, na wewe ukiapa hurudi nyuma. Nina watoto wawili tu. Nikachagua gari life, undugu wenu ubaki."

"Baba aliniambia mimi. Ulikuwepo. Ulikuwa umemshika mkono wa pili."

"Baba yako amekufa," mama akasema, na sauti yake ikakwaruza. "Yeye hatalipanda. Huyu yuko hai." Kisha akapata nguvu, akaninyooshea kidole kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto. "Halafu wewe mwenyewe je? Si ulishakiona hicho kijani? Usingeweza kukifunika bila kukiona. Ukanyamaza, ukanipokea hapa kwa gauni na tabasamu, ukaniacha nishike shike viti. Umenidanganya pia. Tofauti yetu nini?"

Jibu lilikuja baadaye, wameshaondoka, kama majibu mazuri yanavyokuja: kwamba mimi nilimeza uchungu wote peke yangu ili yeye asiuonje hata kidogo, na wao waliugawana wawili ili mimi nisijue kuna kitu kimepotea. Waliiondoa kazi ya baba mkononi mwangu, wakaniwekea nyingine inayofanana nayo, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kitu na kumpa kijiti. Na zaidi ya yote Bosi alimtumia mama kunifunga mdomo, na mama mwenyewe alikubali kutumika. Sasa ile rangi niliyoipika kwa kumbukumbu yote niliyonayo imekwisha koponi, na iko kwenye gari ambalo baba hakuwahi kuligusa. Kazi aliyoniomba baba haitafanyika tena. Hakuna mahali popote duniani palipobaki na kitambaa cha kufanyia.

Lakini pale pale sikusema hata moja ya hayo. Niliufunga mlango wa abiria taratibu, mama akiwa ndani. Nikachukua ufunguo kwenye msumari, nikamwendea Bosi. Alirudi hatua nyuma, akidhani nampiga. Nikamwekea ufunguo kiganjani.

"Gari lako liko tayari," nikamwambia. "Usiliegeshe juani. Kitambaa kisiloweshwe wiki hii, na ukifuta tumia kitambaa kikavu."

"Dada..."

"Kama kuna mahali patafifia haraka, ulete nitarekebisha. Ndivyo ninavyomfanyia kila mtu."

Mama aliteremsha kioo. Alikuwa ameshaanza kulia, kwa kweli sasa, na mkono wake ulitoka dirishani ukinitafuta. "Mwanangu, usiongee hivyo. Tutukane. Piga kelele kama unavyopigaga. Wewe si ndivyo ulivyo?"

Ndivyo nilivyo, na walikuwa wamejiandaa kwa hilo miaka yote. Kelele wangezisubiri zipite, kisha tungekula pamoja. Niliutazama ule mkono, na nilitaka kuushika. Bosi aliingia, akawasha gari.

"Karibuni tena," nikawaambia, kama ninavyowaambia wateja wote, nikaingia ndani kuosha brashi zangu.